Udongo wa Endarasha Una Joto

Mama,

Jana nilikuja Endarasha na sikukugusa. Nilipita kando ya kaburi lako nikiwa nimemshika Gacheri mkono, na mkono wangu mwingine nikauzamisha ndani ya mfuko wa sweta, nikaubana humo kama mtu aliyeshika kuku asitoroke. Niliona nyasi zimekuwa ndefu na lile ua jekundu alilokupandia Baba limeanguka upande. Sikuinama. Ni mara ya kwanza tangu tukuzike, na kwa kuwa wewe ni mtu wa kununa ukipitwa bila salamu, nimeona nikuandikie nikueleze.

Nakuandikia nikiwa dukani, hapa Nyeri mjini, katikati ya mashine ya kufuma na rundo la sweta za shule. Ni mchana na mvua inanyesha, kwa hivyo hakuna mteja.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo ilikuwa lugha ya nyumba yetu. Wewe Mmeru wa Timau, Baba Mkikuyu wa Endarasha, mkakutana kwenye shamba la ngano, kila mmoja akimcheka mwenzake anavyoongea, hadi mkakubaliana kukiharibu Kiswahili pamoja. Mimi nikapewa jina la mama yake Baba, Wangeci, kama desturi inavyotaka, na wewe hukuniita jina hilo hata siku moja. Uliniita mama mkwe. "Mama mkwe, leta maji." "Mama mkwe, hiyo viazi umemenya ama umechonga?" Na kila siku kabla hatujaenda kulala: "Mama mkwe, jiko imelala?"

Baridi ya Endarasha haimbembelezi mtu. Jioni tulikuwa tukiingiza jiko la makaa sebuleni, tunalizunguka, tunachoma viazi kwenye majivu. Wakati wa kulala ukifika, Baba analitoa nje hadi jikoni, kile kibanda cha mbao, na kulizima. Akirudi unamwuliza, "Jiko imelala?" Anajibu, "Imelala." Sote tunajua kitakachofuata. "Rudi uangalie." Baba anarudi bila kunung'unika. Akisema tena imelala, unajifunga leso na kwenda mwenyewe. Nilikuwa nikikufuata hadi mlangoni kukutazama. Ulipuliza mgongo wa mkono wako ili upate joto, halafu ukaushikilia juu ya majivu. Ulisema kiganja cha mtu wa jembe kimekufa ganzi, hakisikii kitu, lakini mgongo wa mkono haudanganyi. Unarudi, unapanda kitandani, na kabla Baba hajavuta blanketi unamwuliza tena.

Siku moja tu ndiyo ulitueleza sababu, tukitoa minji kwenye maganda yake, na hukuinua macho hata mara moja. Ulikuwa msichana mdogo kule Timau. Majirani walikuwa wameingiza jiko ndani msimu wa baridi kali, wakafunga madirisha, wakalala. Asubuhi ulitumwa na kikombe ukaombe maziwa. Mlango haukuwa na komeo. Uliwakuta wamelala wote, mashavu yao yana rangi nzuri kuliko ya watu walio hai. Ulimgusa msichana wa rika lako, rafiki yako, na ukadhani ana joto. Ulikimbia kuita watu, na watu walipofika wakasema wamekufa wote tangu usiku kwa hewa ya makaa. Ukatuambia, "Mpaka leo mimi sijui kama nilimuacha akiwa hai." Kisha ukasema minji ya mwaka huu ina wadudu.

Sisi tuliona ni bidii yako tu, na tuliona ni upendo. Wageni walikusifu kwamba kwako moto hauwezi kuharibu kitu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba ulikuwa bado umesimama kwenye mlango ule wa Timau na kikombe mkononi.

Ukaondoka haraka, Mama. Presha, kitanda cha hospitali, simu ya asubuhi. Siku ya kukuvisha kule mochari tuliingia wanawake wa familia na nguo zako za Mothers', kile chama cha akina mama kanisani, na wakati wengine wanakufunga kitambaa, mimi niliweka mgongo wa mkono wangu kwenye paji lako la uso. Lilikuwa baridi. Lakini ilikuwa asubuhi ya Julai na mikono yangu ilikuwa baridi pia, na watu wawili wenye baridi wakigusana, nani atajua baridi ni ya nani? Nikagusa tena. Nikamwomba yule mhudumu atazame. Akatazama, akanipa pole. Nikamwomba atazame tena, akanishika bega na kunitoa nje taratibu. Alikuwa amezoea watu wanaolia, na alidhani nalia.

Udongo ulipoanza kuangukia jeneza nilitaka kupiga kelele wasimame. Nilijua umekufa. Nataka uelewe hilo, Mama, sikuwa nimepoteza akili. Nilijua, na papo hapo sikuwa na hakika, na ile nafasi ndogo kati ya kujua na kuwa na hakika ndimo nilimoishi tangu siku ile.

Nilirudi nyumbani Jumamosi iliyofuata. Baba alikuwa shambani. Nilipiga magoti kando yako na kuweka mgongo wa mkono juu ya udongo, na udongo ulikuwa na joto.

Baba alisema ni jua. Hakukuwa na jua. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Nyandarua tangu alfajiri, hata zizi la ng'ombe halionekani. Niligusa udongo wa kando, ulikuwa baridi. Nikagusa wako, nikaona joto. Niliondoka, nikafika getini, na hapo ndipo nilipokusikia kwa mara ya kwanza tangu ufe, nyuma kidogo ya sikio langu la kushoto, kwa sauti ile ile ya kuvuta maneno: "Rudi uangalie." Nikarudi. Nikaondoka tena, nikafika getini, nikarudi. Nilipofika barabarani magari ya kwenda mjini yalikuwa yamekwisha, nikalala kwenye kitanda changu cha utotoni.

Kuanzia hapo nilikuja kila Jumamosi. Majirani waliniona nimepiga magoti na wakasema huyo ndiye mtoto, wengine wakizika wamemaliza. Kanisani walinitaja kwenye maombi kama mfano. Nami hapa Nyeri nilikuwa naangalia meko ya gesi hadi vifundo vya vidole vinauma, naangalia pasi, naangalia kufuli la duka, nafika stendi narudi. Karanja, mume wangu, yule uliyesema ana miguu mirefu kama ndama, alijifunza kunijibu kabla sijamaliza swali. "Imezimwa." "Una hakika?" "Imezimwa, Wangeci." Alikuwa Baba mpya na hakujua. Mtoto akilala, nilimwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso. Kila mara sauti ilikuwa yako. Sikuwa nasikia watu wanaozungumza hewani, ilikuwa fikra tu, lakini fikra yenye lafudhi ya Timau. Na nikwambie ukweli, nilipokusikia nilifurahi. Niliogopa na nikafurahi.

Kisha akaja Gacheri. Binti wetu wa kwanza, Wambui, alikuwa amechukua jina la mama yake Karanja, kwa hiyo wa pili akawa wewe. Unajua sisi tulivyo. Kabla hajafungua macho vizuri wanawake wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni wakisema mwenyewe amerudi, angalia kidevu, angalia anavyokunja uso. Mimi mwenyewe sikumwita Gacheri. Nilimwita Mama. Ningemwitaje mtu mwenye jina lako?

Kisha ikaja siku moja, akiwa ameanza kuongea vizuri. Wambui alikuwa na homa, amelala kwenye kochi mchana, nami ninafuma karibu na dirisha. Gacheri aliacha mchezo wake, akaenda akasimama juu ya dadake. Alipuliza mgongo wa mkono wake mdogo, pole pole, akauweka kwenye paji la Wambui. Halafu akageuka akanitazama. "Imelala?"

Sindano ilinitoka. Mama, mimi sipulizi. Nimejitazama, nimewauliza watu, nimemwuliza Karanja, na hakuna aliyeniona nikipuliza mkono hata siku moja. Nagusa tu. Kupuliza ulikuwa mtindo wako wewe, mlangoni pa kibanda cha mbao, na Gacheri alizaliwa wewe ukiwa tayari chini ya udongo.

Mama yake Karanja alikuwepo, na alipiga vigelegele hadi jirani akaja. "Mwenye jina amefika!" Basi ikawa sherehe. Kila mgeni akiingia anaambiwa ngoja uone, na mtoto anaombwa afanye. Mtu anajilaza kwenye kochi, anafumba macho, Gacheri anapuliza mkono, anamgusa, anauliza, watu wanacheka na kufuta machozi, anapewa mandazi. Baba alipoona alivua kofia. Tulichukua kile kitu kilichokunyima usingizi maisha yako yote tukakifanya zawadi kwa wageni, na tulikifanya kwa heshima, kwa kuwa kwetu jina likirudi na tabia zake ni baraka. Sikuona ubaya. Nilikaa hapo kama mwenye bahati.

Mwalimu wake wa chekechea ndiye aliyetuita. Watoto wakilazwa mchana, Gacheri alikuwa halali. Anatoka godoro hadi godoro, anapuliza mkono, anagusa. Akimaliza anaanza upya. Akizuiwa analia hadi anatapika. Mwalimu alisema kwa upole, "Mama Wambui, kuna siku ameniuliza kama hawa wenzake wataamka wote. Nikamwambia ndio. Akaniuliza tena. Huyu mtoto anachoka sana."

Tulirudi nyumbani na Karanja, tukafika kwenye mlango. Hapo akasema, "Watu wanasema hiyo ni cucu yake, nyanya aliyerudi. Wangeci, hiyo si cucu. Hiyo ni wewe. Mimi nakuona kila siku." Nilimkasirikia sana. Ilikuwa kama ameniambia mwanangu si wewe na wewe hupo popote.

Lakini nilienda kwa mtaalamu, kwa sababu ya mtoto. Wanamwita daktari wa akili, ingawa yeye mwenyewe anasema ni mwanasaikolojia. Anaitwa Mugure, ni mdogo kuliko mimi, na chumba chake kiko juu ya duka la mbegu, dirisha linatazama Mlima. Siku ya kwanza sweta yake ilikuwa imefumuka begani na sikusikia nusu ya aliyosema kwa vile nilitaka kuishona. Aliniambia ninachougua kina jina la herufi tatu za Kizungu, na kwamba ni wasiwasi unaomfanya mtu arudie jambo ili apate hakika, kisha hakika ikiisha, arudie tena. Alisema si uchawi na si udhaifu wa imani, na kwamba watu wengi hupata nafuu. Kuhusu Gacheri alisema mtoto huyo anaiga nyumba yake, na nyumba ikibadilika huenda naye akabadilika, na tutamwangalia kwa makini. Nikamwambia habari ya kupuliza. Akaandika kitu.

Nilimwambia pia kwamba sauti ni yako. Nilitarajia abishane. Akasema, "Sawa. Tuseme ni yake. Akikuambia rudi uangalie, na wewe uangalie, ananyamaza kwa muda gani?" Nikafikiri. Nikasema hadi nifike getini. "Na alipokuwa hai, baba yako akiangalia, alinyamaza kwa muda gani?" Nikakuona unapanda kitandani, Mama, blanketi bado halijavutwa. Nikamwambia habari ya blanketi. Akasema, "Basi hata yeye kuangalia hakukumsaidia."

Nililia pale, nikamwachia karatasi zake zimelowa. Sikulia kwa ajili yangu.

Kazi yake ni ya ajabu, ungeicheka. Siku moja alichora duara akaniuliza nyumba ikiungua makosa ni ya nani. Nikasema yangu. Yote? Yote. Akanipa kalamu nikate lile duara kama chapati, nimpe kila mhusika kipande chake: mwenye kutengeneza meko, aliyeweka nyaya za stima, upepo, Karanja anayekaanga mayai huku anatazama simu, watoto, na Mungu, ambaye nilimpa kipande kikubwa kidogo kuliko wengine. Changu kilibaki cha kumpa mtoto mchanga. Nilikitazama sana. Nilikuwa nimeila chapati nzima peke yangu miaka yote, na wewe kabla yangu uliila ya Timau.

Halafu ikaja sehemu ngumu. Kuzima gesi, kugeuka, kutoka, na kutorudi. Si kutorudi kwa sababu una hakika. Kutorudi bila hakika. "Hofu itakuja," alisema, "usipigane nayo na usiibembeleze. Iache ikae na wewe." Asubuhi ya kwanza nilifika dukani nikasikia harufu ya makaa. Duka langu, Mama, ghorofa nzima haina jiko. Harufu ilikuwa hapa, kati ya nyuzi, na wewe nyuma ya sikio langu unaniambia nirudi, nirudi, mama mkwe, rudi. Nilifuma mkono wa sweta ukawa mrefu wa kumfaa twiga. Nilikaa. Na baada ya muda, bila mimi kufanya lolote, hofu ilishuka yenyewe. Sikujua kwamba hofu hushuka. Hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kukaa nayo muda wa kutosha kuona ikishuka.

Karanja naye alipewa kazi. Nikimwuliza kama meko imezimwa, ajibu, "Sijui." Hakuna neno lililowahi kuniudhi kama hilo. Nilimwita majina. Alijibu sijui akiwa na machozi, yule mwanaume, kwa sababu alijua kabisa imezimwa na angeweza kunipumzisha kwa neno moja. Baadaye na Wambui akajifunza, na Gacheri akiuliza kama fulani ataamka, sote tunamwambia, "Sijui. Njoo tuendelee kucheza."

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine. Kadiri nilivyopata nafuu, sauti yako ilipungua. Ilikuja mara chache, kisha kwa mbali, kama redio ya jirani. Siku moja nilizima meko, nikafika dukani, nikafuma sweta nzima, na mchana nikagundua kwamba tangu asubuhi hukuniambia kitu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilisimama katikati ya duka nikakuita. Hakuna aliyeniambia, Mama, kwamba nikipona nitakuzika mara ya pili.

Niliacha kwenda kwa Mugure. Nilifanya makusudi. Nilizima gesi, nikatoka, nikarudi kuiangalia ili unijibu, na ulikuja. Ulikuja mara moja, karibu kabisa, nikahisi hata pumzi. "Rudi uangalie." Nikarudi tena, moyo umejaa, nikaweka mkono juu ya meko baridi. Na nyuma yangu nikasikia mtu anapuliza. Nilikuwa na hakika ni wewe. Niligeuka polepole sana. Alikuwa Gacheri, na sare yake ya shule, amesimama mlangoni na mkono wake mdomoni, akinisubiri nimalize ili naye aangalie.

Nilirudi kwa Mugure wiki hiyo hiyo. Nikamwuliza tena kuhusu kupuliza, nikamwambia lazima anieleze mtoto aliutoa wapi mtindo huo. Alitazama dirishani, Mlima ulikuwa umejificha. Akasema, "Sijui." Nikamwambia yeye ni mtaalamu, anawezaje kutotafuta jibu? Akasema, "Tukilitafuta sana, si tutakuwa tunaangalia tena?" Nilitoka nikiwa nimekasirika, na nilipofika chini, kwenye duka la mbegu, hasira ilikuwa imeisha.

Ndipo tukafika kwako. Alinitaka nipange mambo ninayoyaogopa kutoka dogo hadi kubwa, na nilijua la mwisho litakuwa nini kabla hajaniuliza. Nije Endarasha, nipite karibu nawe, nisikuguse, nisirudi.

Jana tulifika mimi na Gacheri, ukungu ulikuwa umeketi kwenye viazi. Baba aliwasha jiko kwenye kibanda chako, tukanywa chai. Amezeeka, Mama. Majirani wananiambia kila jioni akilizima jiko anasema kwa sauti, "Imelala," na hakuna mtu aliyemwuliza. Nilimweleza yote polepole, ugonjwa na tiba yake, hadi kwa nini Karanja hujibu sijui. Alisikiliza akigeuzageuza kikombe. Halafu akasema, "Kumbe ningenyamaza, angepona?"

Mama, ningempa nini? Ningemwambia hapana Baba, si wewe, ulimjibu kwa sababu ulimpenda. Na ni kweli ulipendwa. Lakini nilichosema ni, "Sijui, Baba." Aliniambia alipenda kukujibu. Alisema kila ukimwuliza alijua bado mko pamoja.

Alizima jiko. Sikumtazama akilizima. Nilimshika Gacheri mkono, tukatoka kwa mlango wa nyuma, tukapita kando yako, na hapo ndipo mkono wangu ulipoingia mfukoni. Ardhi pale ilikuwa inatoa mvuke. Labda ni ukungu. Tulipita. Baba alitusindikiza kwa nyuma.

Tulipofika getini ulisema, "Rudi uangalie."

Hukuwahi kuwa wazi hivyo. Haikuwa nyuma ya sikio. Ilitoka upande wa kaburi, kwa sauti ya mtu anayeita watu wanaokaribia kutokomea. Nilisimama. Na Gacheri akasimama, wakati ule ule, akageuza kichwa upande ule ule. Baba hakugeuka. Mtoto alitazama ukungu kwa muda, akauchomoa mkono wake kutoka kwangu, akapuliza mgongo wake polepole, akaunyoosha mbele kuelekea kwako, kama kuna uso pale wa kugusa.

"Imelala?"

Hakuniuliza mimi. Nilimwona Baba akifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, amelisema maisha yake yote. Alinitazama, akaufunga mdomo, akauweka mkono wake juu ya mti wa geti na kushika kwa nguvu. Kila kitu ndani yangu kilitaka kurudi, kupiga magoti, kujua. Yule msichana wa Timau, labda alikuwa hai. Wewe kule mochari, labda mkono wangu ndio ulikuwa baridi. Nilimtazama mwanangu na mkono wake mdogo hewani, naye yuko tayari kusimama getini miaka yote aliyobakiza, na nikachuchumaa mbele yake.

Nikamwambia, "Sijui, Mama. Twende."

Alilia. Nilimshika mkono ule alioupuliza, ulikuwa na joto, na tukaenda. Hofu ilipanda, ikakaa nasi barabara yote ya udongo. Sikugeuka. Tulipofika kwenye maduka ya barabara ya lami alikuwa anauliza kama pale dukani kuna mandazi yenye sukari juu. Leo asubuhi mwalimu amenipigia kusema kwamba juzi mchana Gacheri alilala kidogo, ubavu kwa ubavu na mwenzake, na hakumgusa. Baba pia alipiga simu. Tukaongea kuhusu viazi. Hakuniambia habari za jiko, na sikumwuliza.

Basi naaga, Mama. Sijui kama rafiki yako wa Timau alikuwa hai ulipomwacha. Ulikuwa mtoto na kikombe, na kama kungekuwa na mtu wa kukushika mkono mlangoni pale na kukuambia twende, huenda ungekwenda. Sijui ni nani aliyemfundisha Gacheri kupuliza. Sijui kama udongo wako una joto. Nitakuja bado, nitainua lile ua la Baba, nitakaa nawe nikupe habari za mjini na za ndama wangu mwenye miguu mirefu, na nitakusalimu kwa mdomo kama mtoto anavyomsalimu mamake. Mkono utakaa mfukoni. Na Gacheri akiuliza, hata akiuliza kwa sauti yako, nitamjibu kama jana, na nitamshika, na tutaondoka.

Ni mimi, mama mkwe wako.

Lala, Mama. Sitarudi kuangalia.

Wangeci